Hongo na Ujira: Wajibu wa Nchi Ndogo

Pana swali ambalo wanadamu wameulizana tangu walipoanza kuishi pamoja, nalo ni hili: aliye mdogo ana wajibu gani kwa walio wakubwa kuliko yeye, na wakubwa nao wana wajibu gani kwake? Watu wengi hujibu nusu ya swali na kuiacha nusu ya pili. Wako wasemao kwamba mdogo hana wajibu wo wote, kwa kuwa hana uwezo. Yamtosha kukaa kimya na kungojea kusaidiwa. Tena wako wasemao kwamba mdogo hana haki yo yote, kwa kuwa hana nguvu. Yampasa kutenda aagizwayo na kushukuru kwa apewacho. Majibu haya mawili yaonekana kama yapingana, lakini kwa hakika ni ndugu wa tumbo moja. Yote mawili humpima mtu kwa kimo chake, wala hayaulizi ni kazi gani iliyo mbele yake.

Katika insha hii nataka tulitazame swali hilo kwa mfano wa nchi moja ndogo iliyo mbali sana na kwetu, na kwa kazi ambayo wengi wetu hatuifikirii hata tunapoona ndege ikipita juu ya vichwa vyetu: kazi ya kuziongoza ndege juu ya bahari. Mfano wa mbali una faida yake. Mambo ya nyumbani hututia hasira au fahari kabla hatujayafikiri. Ya mbali twaweza kuyapima kwa utulivu, kisha tukarudi nayo nyumbani.

Kwanza, fikiri mtu maskini ambaye nyumba yake imesimama peke yake kando ya njia kuu, karibu na korongo refu. Kila usiku magari ya wafanya biashara hupita hapo yakitoka mji mmoja kwenda mji mwingine. Wenye magari hawalali kwake, hawanunui kuku wala mayai yake, na pengine hata jina lake hawalijui. Lakini akitundika taa ukingoni mwa korongo, watapita salama. Asipoitundika, siku moja mmoja wao atatumbukia. Mafuta ya taa ni ghali, na watoto wake mwenyewe wanasoma kwa mwanga wa moto wa jikoni. Je, yampasa kuwasha taa? Na kama yampasa, mafuta anunue nani?

Naona kwamba sehemu ya kwanza ya swali haina ugumu mkubwa. Mtu ajuaye kwamba mwenziwe yu karibu kufa, naye anaweza kumwokoa, hawezi kujitetea kwa kusema, "Mimi ni maskini." Umaskini waweza kumwondolea mtu lawama ya kutotoa mali; haumwondolei lawama ya kutopiga kelele wakati nyumba ya jirani inapoungua. Ugumu uko katika sehemu ya pili. Taa ya usiku mmoja ni wema, lakini taa ya kila usiku, mwaka baada ya mwaka, ni kazi. Kazi ina gharama, na gharama isiyogawanywa kwa haki humfanya mtu mwema awe mtumwa wa wema wake.

Babu zetu walilijua jambo hili la wapitao na wapitiwao. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilipopita Ugogo ilitozwa hongo na watawala wa huko: nguo, shanga na waya. Tusiwahukumu watu hao kwa haraka. Nchi yao ilikuwa kame, na msafara mkubwa ulikunywa maji ya visima ambavyo wenyeji walivichimba kwa jasho lao. Palikuwa na haki ndani ya hongo. Lakini kiasi chake kilipatikana kwa mabishano na vitisho, na katika mabishano ya namna hiyo kipimo si maji yaliyonywewa; kipimo ni nguvu za mwenye kutoza na woga wa mwenye kutozwa. Leo neno hilo limeshuka hadhi hata likawa jina la rushwa. Ujira ni neno jingine. Ujira hupimwa kwa kazi iliyotendwa, na mwenye kuulipa aweza kuuliza, "Ni kazi gani?" naye akajibiwa. Tuyashike maneno haya mawili mkononi, maana tutayahitaji mbele.

Sasa twende kwenye nchi yenyewe. Iceland ni kisiwa kilichoko kaskazini mwa Bahari ya Atlantiki, kati ya Norwe na Greenland. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 103,000, yaani halifiki sehemu moja katika tano za Kenya. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili watu wake walikuwa 130,000 hivi tu, nao waliishi kwa uvuvi na ufugaji wa kondoo. Kwa karne nyingi walikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Mwezi wa Mei 1940 askari wa Uingereza waliteremka katika kisiwa hicho bila kukaribishwa, ili adui yao asiwatangulie. Mwaka uliofuata wakaja Wamarekani. Tarehe 17 Juni 1944, vita vikiwa havijaisha, watu wa Iceland walitangaza jamhuri yao.

Majeshi hayo ya kigeni yaliacha nyuma yao kitu ambacho wenyeji hawakukiomba. Waingereza walijenga kiwanja cha ndege katika mji mkuu, Reykjavik. Wamarekani wakajenga kingine kikubwa zaidi huko Keflavik. Ukitazama tufe la dunia, wala si ramani bapa ya ukutani, utaona sababu. Njia fupi kutoka Ulaya ya kaskazini kwenda Amerika haiendi moja kwa moja kuelekea magharibi. Hupinda kuelekea kaskazini, ikapita karibu na Iceland. Ndege za siku zile zilikuwa na injini za mapanga, hazikuwa na nguvu za kuvuka bahari nzima kila mara bila kutua, na zilikwenda chini mahali penye mawingu na barafu. Basi kisiwa ambacho kwa karne nyingi kilikuwa pembeni mwa ulimwengu kilijikuta kimesimama kando ya njia kuu, kama yule maskini wetu na korongo lake.

Tarehe 1 Novemba 1944 wajumbe wa nchi 54 walikutana mjini Chicago kuzungumza juu ya usafiri wa anga utakavyokuwa baada ya vita. Kutoka Afrika walikuwako wajumbe wa Misri, Ethiopia, Liberia na Afrika ya Kusini tu. Kenya wakati huo ilikuwa koloni, nayo haikualikwa. Iceland, jamhuri yenye umri usiotimia miezi mitano, ilikuwako. Mataifa makubwa yalibishana sana. Marekani, yenye ndege nyingi, ilitaka anga iwe wazi kwa mashindano. Uingereza, iliyochoshwa na vita, ilitaka safari zigawanywe kwa utaratibu. Hata hivyo tarehe 7 Desemba nchi 52 zilitia sahihi mkataba ambao mpaka leo ndio msingi wa usafiri wa anga ulimwenguni, na ambao ulizaa shirika la kimataifa lenye makao yake Montreal.

Mkataba huo una vifungu ambavyo kila kijana apendaye kufikiri juu ya haki angefaa kuvijua. Kifungu cha kwanza chasema kwamba kila taifa lina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya nchi yake. Hakisemi "kila taifa kubwa." Katika mkutano mkuu wa shirika kila nchi ina kura moja, iwe ina watu laki moja au milioni mia. Huo ndio upande wa haki. Lakini kifungu cha 28 kinaweka upande wa wajibu: kila nchi, kadiri iwezavyo, itaweka viwanja, redio na huduma za hali ya hewa kwa ajili ya ndege za kimataifa. Nacho kifungu cha 15 chakataza nchi yo yote kutoza malipo kwa sababu tu ya kupita juu yake. Kwa maneno ya babu zetu, hongo imepigwa marufuku.

Je, nchi isiyoweza kutimiza wajibu huo itafanyaje? Waandishi wa mkataba hawakulisahau swali hilo. Vifungu vya 69 na 70 vyasema kwamba huduma za nchi zikiwa hazitoshi, Baraza la shirika litashauriana nayo kutafuta njia. Wala nchi haitahesabiwa kuwa imevunja mkataba kwa kushindwa kutekeleza mapendekezo ya Baraza. Na yaweza kufanya mapatano ya kuzigharamia huduma hizo. Hapa pana hekima: mkataba unaona tofauti kati ya asiyetaka na asiyeweza.

Mwaka 1946 wataalamu walikutana Dublin kupanga uongozi wa ndege katika Atlantiki ya Kaskazini, na sehemu kubwa ya anga ya bahari ikawekwa chini ya Reykjavik. Hata leo anga iongozwayo kutoka Iceland ina eneo la kilomita za mraba kama milioni 5.4, zaidi ya mara hamsini ya nchi yenyewe, au mara tisa ya Kenya, nayo yafika hata kwenye ncha ya kaskazini ya dunia.

Yafaa tuieleze kazi hiyo, maana watu hudhani kwamba anga haina kazi kwa kuwa haina barabara ya kufagia. Katikati ya bahari rubani wa siku zile hakuonekana na mtu ye yote. Mahali alipo palijulikana kwa neno lake tu. Kila baada ya muda aliita kwa redio, akataja mahali, saa na kimo chake. Katika kituo cha Gufunes, karibu na Reykjavik, mtu aliyevaa visikizi masikioni aliisikiliza sauti hiyo kati ya ngurumo na mikwaruzo, akaandika, akaipeleka kwa mwongozaji wa ndege. Mwongozaji alilinganisha karatasi moja na nyingine, akahakikisha kwamba ndege mbili hazitakuwa mahali pamoja, kwa kimo kimoja, kwa saa moja. Pembeni mwake walikuwako wapimaji wa hali ya hewa waliotazama upepo, mawingu na barafu mchana na usiku, na kupeleka habari zao pande zote mbili za bahari. Ndege ikinyamaza pasipo kutazamiwa, wao ndio waliokuwa wa kwanza kushtuka. Kazi hiyo haina sikukuu. Na aliye angani, akilala usingizi kitini, hajui kwamba yuko mtu chini anayelihesabu neno la rubani wake.

Hesabu yake basi ilikuwaje? Watu 130,000, wavuvi wengi wao, walitakiwa kuajiri watu na kununua mitambo kwa ajili ya ndege ambazo karibu zote zilikuwa za wengine. Nchi hiyo ilikuwa na njia tatu mbele yake.

Njia ya kwanza ilikuwa kukataa. Ingeweza kusema, "Mkataba wenyewe wanisamehe; sina uwezo." Ingekuwa kweli, na hakuna ambaye angeishitaki. Lakini ndege zingeendelea kupita, na pengo la kimya lingebaki katikati ya bahari.

Njia ya pili ilikuwa kukabidhi kazi kwa mwenye nguvu. Mataifa makubwa yalikuwa na watu, mitambo na fedha. Ingekuwa rahisi kuwaambia, "Njoni mfanye wenyewe." Njia hii ina raha yake, ila mwenye kuishika hupoteza kidogo kidogo sauti yake. Ukimwachia jirani ufunguo wa ghala yako kwa kuwa yeye ana kufuli nzuri zaidi, usishangae siku moja ukipiga hodi kwako mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo waliyoifuata. Walipeleka jambo lao mbele ya shirika, wakasema kwa maana hii: kazi tutaifanya kwa mikono yetu, ila gharama zigawanywe kati ya wanaofaidi. Mwaka 1948 mkutano uliitishwa Geneva, na nchi zenye ndege zilizovuka bahari ile, miongoni mwao Marekani, Uingereza, Kanada na Ufaransa, zilikubali kuchangia. Mwaka 1956, huko huko Geneva, mapatano yaliandikwa upya, na mengine ya namna ile ile yakafanywa na Denmark kwa ajili ya huduma za Greenland na visiwa vya Faroe. Hesabu za matumizi zilipelekwa kwa Baraza na kukaguliwa, na kila nchi ililipa kwa kadiri ndege zake zilivyovuka bahari. Aliyepita mara nyingi alilipa zaidi. Aliyepita mara chache alilipa kidogo. Iceland yenyewe haikuachwa bila mzigo: iliendelea kubeba sehemu yake, ambayo katika mapatano yaliyorekebishwa baadaye ilikuwa asilimia 5. Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa mgeni alipewa jembe, na mwenye nyumba hakuliweka lake chini.

Tazama basi tofauti ya hongo na ujira. Iceland haikusema, "Mkipita juu yangu mtanilipa kwa kuwa mahali hapa ni pangu." Ilisema, "Hii ndiyo kazi, hii ndiyo gharama, hili ndilo daftari, someni." Mwenye kuomba hujificha nyuma ya huruma ya mwingine, na mwenye kutoza hongo hujificha nyuma ya rungu lake. Anayefungua daftari hana pa kujificha, wala hana haja ya kujificha.

Mtu mwenye akili ya kupinga, na natumaini wako wengi miongoni mwa wasomaji wa kitabu hiki, atasimama hapa na kusema: "Mwalimu, usitupambie. Mataifa makubwa hayakulipa kwa upendo wa haki. Yalilipa kwa kuwa ndege ni zao na watu waliomo ni wao. Hiyo ni biashara, si maadili." Neno hilo lina ukweli, nami sitalifunika. Lakini tujiulize kama haki ni lazima izaliwe na moyo safi. Jirani wawili wakichimba kisima pamoja kwa kuwa kila mmoja ana kiu, kisima hicho si kibaya kwa sababu ya kiu yao. La maana ni kwamba mwenye nguvu alikubali faida yake ipimwe kwa kipimo ambacho mnyonge naye alikishika. Angeweza kulipa kiasi apendacho, siku apendayo, kama sadaka. Badala yake alikubali kulipa kiasi kilichoandikwa, kwa hesabu iliyokaguliwa. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: methali hii haidai kwamba umpende mnyonge, yadai umpe kilicho chake.

Mwingine atasema: "Je, apokeaye fedha za wakubwa si mtumishi wao?" Swali hili ni zito zaidi, na historia ya Iceland haitoi jibu jepesi. Mwaka 1946 kiwanja cha Reykjavik kilirudi mikononi mwa wenyeji, lakini kile cha Keflavik kiliendelea kuendeshwa na Wamarekani. Mwezi wa Machi 1949, bunge lilipokubali kuingia katika mapatano ya kujihami ya nchi za magharibi, palitokea ghasia mbele ya jengo lenyewe, kwa kuwa raia wengi waliona uhuru wao wa miaka mitano unauzwa. Mwaka 1951 majeshi ya Marekani yalirudi kwa mapatano, na hayakuondoka mpaka 2006. Basi usidhani kwamba kura moja Montreal ilimfanya mdogo alingane na mkubwa katika kila jambo. Usawa wa kura si usawa wa nguvu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo kazi ya kuongoza ndege ilikuwa na thamani kwa watu wale kuliko fedha zake. Palikuwa na mahali pamoja ambapo sauti iliyowaambia marubani wa mataifa makubwa "Panda," "Shuka," "Ngoja," ilikuwa sauti ya mwenyeji, nao walitii, si kwa kumwogopa, ila kwa kuwa aliijua kazi yake. Heshima ya namna hii haiwezi kutolewa kwa amri wala kuondolewa kwa amri.

Na wa tatu atasema: "Iceland ilibahatika kuwa njiani. Nchi isiyo na bahati hiyo ifanye nini?" Ni kweli kwamba mahali pa nchi si tendo lake jema. Lakini mahali pale pale pangeweza kuachwa giza. Bahati iliwapa korongo. Taa waliiwasha wenyewe. Tena wako waliokuwa hawana kisiwa katikati ya bahari, wakatafuta sehemu yao ya mzigo. Baada ya vita, mataifa kadhaa, hata yasiyo makubwa kama Norwe na Uholanzi, yalipeleka meli zilizokaa mahali pamoja katikati ya Atlantiki, katika mawimbi na baridi, kupima hali ya hewa kwa ajili ya ndege. Asiyekuwa na nyumba kando ya njia aliweza kubeba mafuta.

Huenda msomaji akaona kwamba habari hizi zote ni za baharini na barafuni, hazimfiki. Lakini taa ile haiwamulikii watu wa kaskazini peke yao. Tarehe 14 Aprili 2010, mlima wa volkano uitwao Eyjafjallajökull, ulioko Iceland chini ya barafu, ulilipuka na kurusha majivu juu sana. Majivu ya namna hiyo yakiingia katika injini ya ndege huyeyuka na kuweza kuizima. Kwa siku sita hivi anga ya sehemu kubwa ya Ulaya ilifungwa, na safari za ndege zipatazo 100,000 zikafutwa. Huku Naivasha, maua yaliyokwisha kukatwa yaliharibika kwa kukosa ndege za kuyachukua, na wafanyakazi wengi wa mashamba wakaambiwa wakae nyumbani. Mama aliyepoteza ujira wa juma zima kando ya ziwa letu pengine hakuwahi kulisikia jina la nchi ile. Hata hivyo, salama ya ndege inayobeba maua aliyoyakata yategemea pia mtu asiyemjua, akeshaye mbele ya mitambo katika kisiwa cha baridi, akitazama mlima.

Nasi tuna habari yetu wenyewe ya kubeba mzigo wa anga pamoja. Mwaka 1946 Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ziliunganishwa katika shirika moja la ndege la Afrika ya Mashariki. Liliendelea baada ya uhuru, na ndege zake zikafika Ulaya na Asia. Mwaka 1977 shirika hilo likafa, katikati ya ugomvi wa nchi zenyewe juu ya fedha: nani anadaiwa, nani amelipa, nani amechukua zaidi. Sitaki kuhukumu hapa ni nani aliyekuwa na haki. Nataka tuone jambo moja tu: nchi zile tatu zilikuwa na lugha moja ya kuelewana, mipaka inayogusana na udugu wa muda mrefu, na hayo yote hayakutosha hesabu ilipokuwa na mashaka. Wale wa Atlantiki hawakuwa na lugha moja wala udugu, lakini walikuwa na hesabu waliyoikubali wote. Mali bila daftari huisha bila habari. Na udugu pia, nadhani, huisha hivyo hivyo.

Tumrudie yule maskini wa kando ya korongo na tumpe jibu lake. Yampasa kuwasha taa, tangu usiku wa kwanza, hata kabla hajalipwa, maana maisha ya mtu hayangoji mkutano. Asubuhi yake na aende kwa wenye magari, akiwa amesimama wima, awaambie gharama ya mafuta na kuwaonyesha chupa. Asiseme kwamba yeye ni mnyonge wamhurumie, wala asitishie kuizima. Na wenye magari, kama ni watu wa haki, wasimtupie senti dirishani wakipita. Na wakae naye chini, wahesabu safari zao, wamlipe kwa kadiri. Yeye naye atoe kitu chake kidogo, ili taa ibaki kuwa yake. Mtu ambaye hakuchangia hata tone katika jambo lake mwenyewe hawezi kulisemea kwa sauti ya mwenyewe.

Vijana msomao maneno haya, wengi wenu siku moja mtaketi katika mabaraza, ya kijiji, ya chama cha ushirika, au pengine ya mataifa. Mara nyingi mtakuwa upande wa wadogo. Mtakapoambiwa kwamba kazi fulani si yenu kwa kuwa ninyi ni wachache, ulizeni kama wako watu watakaoumia isipofanywa. Mtakapoambiwa kwamba kazi ni yenu nyote peke yenu, ulizeni ni nani wanaofaidi. Na siku mtakapokuwa upande wa wakubwa, kwa maana kila mtu ni mkubwa mahali fulani, msingoje mdogo aje kuomba. Tazameni kama mnapita kwenye mwanga wa taa yake, kisha mwulizeni bei ya mafuta.